Siku Binti Yangu Alipoangusha Nguo za Ploti

Tulihama mtaa wa Kianda kwa sababu ya mayowe ya binti yangu. Alikuwa na miaka sita, hasemi, na redio ya jirani ikipandishwa kidogo tu alijigonga kichwa ukutani. Ukuta ulikuwa wa mabati, kwa hiyo kila pigo lilisikika hadi vyumba vitatu. Daktari alisema ni usonji. Majirani walisema mengine.

Kawangware nilipata chumba cha mawe, cha mwisho kwenye ploti yenye wapangaji wengi, nikaamua huko hakuna atakayejua. Nilishona yunifomu mlango ukiwa umefungwa. Yeye alilala sakafuni, kiganja kimeshika mguu wa cherehani, akisikia mtetemo. Wanawake walipokuwa wakifua na kucheka pale mferejini, nilingoja wamalize ndipo nikachote maji. Wakiniambia, "Sasa mama," nilijibu, "Poa," nikapita. Miezi ikaenda hivyo.

Jumamosi moja nilitoka na mtungi nikasahau komeo. Niliporudi nilimkuta kwenye kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa ameng'oa vibanio vyote, akavipanga chini, rangi kwa rangi. Shuka nyeupe za watu na kanzu ya kwaya zilikuwa matopeni.

Wanawake walitoka.

"Kwani huyu mtoto ana nini?" mmoja akaniuliza. "Hujamfunza adabu?"

Maneno ya kujibu nilikuwa nimeyakariri kwa muda mrefu. Nikasema, "Ana homa."

Mtu akacheka. Niliokota nguo zote, nikaanza kuzifua upya peke yangu, binti yangu kando akivitazama vibanio vyake. Wale wanawake walihamishia viti vyao upande wa pili wa ua.

Mwenye ploti, mama mzee wa Kikuyu tuliyemwita shosho, yaani bibi, alikuja akainama kuvitazama vibanio.

"Wacha! Fundi wangu wa ujenzi hawezi kunyoosha mstari hivi," akasema. Kisha akanigeukia. "Na si homa. Niambie ukweli."

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno usonji katika ploti ile, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeungama.

"Sasa utamfungia mpaka lini?"

Nilivuta shuka nyingine kutoka majini. Alishika shuka upande mmoja, tukaikamua pamoja, akaenda zake.

Jumatatu nilishona mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyeingia. Watoto wakisogea, mama zao waliwaita: "Toka hapo!" Ni shosho tu aliyekuwa akisimama kizingitini, akauliza binti amekula nini, amelala vipi.

Mwaka jana mwanawe alimchukua shosho wakaishi mbali, na siku hizi keateka anayekusanya kodi ndiye hupita. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Mlango bado nauacha wazi. Kuna siku jua huzama bila mtu kuniambia neno zaidi ya, "Fundi, nguo yangu iko tayari?"