Mikono Aliyoikimbilia Gidamis

Ilianza Jumamosi, saa kumi kasorobo jioni, na ilianza kwa harufu. Mpaka leo shangazi akitia magadi kwenye sufuria ya maharage, ule mvuke wenye ukali kama wa sabuni ukipanda, mimi hutoka jikoni. Yeye hudhani nakwepa moshi. Sijawahi kumwambia, ila ninyi nitawaambia.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilikuwa nimetoka kwetu Tumati, juu milimani, nikaja kuishi kwa shangazi Balangdalalu ili nisome. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba mwalimu akiita jina langu darasani, niliinua kidole tu badala ya kusema nipo. Kwa hiyo Mwalimu Anselmi alipotafuta wanafunzi wa kujitolea kwenye michezo ya vijana wenye ulemavu wa akili, nilikubali kwa sababu aliniahidi kazi isiyo na maneno. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea. Unasimama mwisho wa mbio, unafungua mikono, mkimbiaji anakuja kwako. Basi.

Wangu alikuwa Gidamis. Alinizidi miaka mingi, mrefu kama wafugaji wengi wa tambarare ile, na kicheko chake kilimtoka ghafla kama chafya. Mambo ya mistari na bendera hayakumwingia. Ukimwambia "kimbia mpaka pale", aliuliza, "Pale kuna nani?"

Siku mama yake alipomleta mazoezini nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye utakayempokea?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu hakimbilii mahali, binti. Anakimbilia mtu. Angalia unasimama wapi."

Nilidhani ananisifu. Nilirudi nyumbani nikitabasamu.

Uwanja wetu ulikuwa ziwa. Kiangazi Ziwa Balangida hukauka, likabaki sakafu nyeupe ya magadi, tambarare kuliko uwanja wowote wa shule, bila shimo, bila mwiba. Wanawake walikwangua chumvi pembeni, ng'ombe wakalamba, na sisi tukakimbia. Mwalimu alikuwa mgeni kule kama mimi, na alikuwa akijisifu kwamba hata mjini hawana uwanja kama ule.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali. Ila mbali, juu ya mteremko wa upande wa Mbulu, milimani kwetu, wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu asubuhi bila kusogea. Mimi nililifurahia. Akilini nilimwona mama yangu kule juu akiingiza kuni ndani, na maharage yake shambani yakinywa maji.

"Mwalimu, kwetu mvua imefika," nikasema. Kwangu hiyo ilikuwa hotuba.

"Hongereni. Mwaka huu mtatuletea makande."

Walioondoka kwanza ni ng'ombe. Hakuna aliyewaswaga, waliacha tu kulamba wakapanda kuelekea ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Kisha wanawake wa chumvi wakaanza kujitwisha ndoo ambazo hazijajaa. Niliwatazama nikafikiri labda wana msiba mahali. Wa mwisho, mama mmoja mnene, alipita karibu yetu.

"Mwalimu, mchezo wa leo umetosha."

"Raundi moja tu, mama, halafu tunafunga."

Yule mama alimtazama yeye, akatazama lile wingu, akaenda zake. Kule mtu mzima akisema mara moja, amesema.

Ukingoni kwato zilikuwa zimeharibu sakafu, kwa hiyo Mwalimu alinituma nikasimame mbali kuliko siku zote, kuelekea katikati, na bendera yangu. Nilipoichomeka iliingia kirahisi mno. Hapo ndipo niliposikia ile harufu: magadi yaliyolowa. Juu yangu hakukuwa na hata tone la mvua. Chini ya viatu vyangu sakafu ilitoa sauti ndogondogo, kama uji unapoanza kutokota.

Nikainua macho. Kati yangu na wao, utepe mwembamba wa maji uling'aa ukitambaa kutoka upande wa mteremko, kimya, bila haraka. Ilikuwa ile mvua ya kwetu niliyoifurahia. Ilikuwa imefika.

Mwalimu alikuwa ameshapiga makofi ya kuanzisha mbio. Gidamis alikuwa njiani, na mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeshafungua mikono.

Nilisema "simama." Sauti ilitoka ndogo, ikaishia midomoni. Na hata ingetoka, tulikuwa tumemfundisha miezi yote ile asisimame mpaka afike kwangu. Aliniona, akacheka, akaongeza mwendo, akiielekea ile sehemu inayong'aa.

Kulia kwangu kulikuwa na ulimi wa changarawe uliotoka ukingoni, mahali wanawake walipoanikia chumvi. Nikakimbia kuelekea huko, mikono bado wazi, kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama. Gidamis naye akakata kona. Mguu wake mmoja ulizama mpaka gotini, akaanguka kifudifudi, akainuka bila kiatu, mweupe usoni kwa tope, akaja tu. Aliponifikia alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

"Nimeshinda?"

"Umeshinda, kaka."

Nyuma yake, pale nilipokuwa nimesimama, bendera ilikuwa inalala taratibu kwenye maji.

Mwalimu alifika akizunguka ukingoni, saa ya kupimia mbio ingali mkononi. "Lakini mwendo alikuwa nao," akasema, kisha akajiziba mdomo.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kilichonitisha ni maji. Siku hizi, nikiwa kidato cha nne, najua ni uso wake. Hakutazama chini hata mara moja. Alipopaswa kuona tope aliniona mimi, na mimi sikujua nimesimama juu ya nini. Mama yake hakuwa ananisifu. Alikuwa anaogopa, na alinionya kwa heshima, kama yule mama wa chumvi.

Asubuhi yake, kabla ya kengele ya kanisa, nilienda kwao. Mama alikuwa anakamua. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama viatu vyangu vilivyokauka weupe wa magadi, akaendelea kukamua. Gidamis akatokeza mlangoni na kiatu kimoja. Aliponiona upande wa pili wa zizi alisimama, mwili wote tayari, akisubiri nifungue mikono.

Kati yetu kulikuwa na samadi tu na mbwa aliyelala. Mikono yangu niliiacha chini, nikavuka mwenyewe mpaka alipo.