Majina Yaliyokosa Unga

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Mama yangu alisema tabia hiyo itanizeesha mapema, lakini katika miaka ile ya tisini, pale Likasi, mji wa migodi wa Katanga, sikuwa peke yangu. Mji mzima ulikuwa ukichunguzana. Viwanda vilizimwa kimoja baada ya kingine, mshahara ukabaki jina tu, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, waliozaliwa na kukulia hapo hapo, walifukuzwa majumbani mwao wakalala stesheni wakingoja treni. Wachache waliobaki walitembea wakitazama nyuma.

Nilifanya kazi katika ofisi ya kompyuta ya kampuni moja ya madini. Kusema ofisi ni kujisifu. Kilikuwa chumba kimoja chenye mashine mbili na printa yenye makelele, na umeme ulipopungua tulikaa tukiulaani mtambo wa Koni kana kwamba unasikia. Kwa kuwa pesa hazikuonekana tena, kampuni iliwapa wafanyakazi unga wa mahindi. Mwanzoni wote walipata sawa. Kisha sheria ikabadilishwa: mwenye watoto apate gunia zima, na asiye na mtoto apate nusu gunia, la kumtosha yeye na mkewe. Mashine ilitoa orodha, orodha ikaenda magazini, kwenye ghala la unga, na ambaye jina lake halikuwemo alirudi nyumbani na mfuko mtupu.

Mume wangu naye alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, katika karakana ng'ambo ya reli, na mgao wetu sote wawili ulitoka kwa jina lake. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na hatukuwa na mtoto. Ndugu zake walitaka aniache. Kanisani, mchungaji mpya alianza kuhubiri juu ya wanawake wanaofunga matumbo yao kwa uchawi, na alipofika hapo watu waliinamia viatu vyao ili wasionekane wakinitazama. Aliyenitetea ni mume wangu. Aliwaambia ndugu zake mbele yangu, "Shiye bote babili hatuna batoto. Musimusumbue yeye peke." Maneno hayo ndiyo yaliyoniweka katika nyumba ile. Tangu sheria mpya ianze, alikuwa akirudi na nusu gunia juu ya baiskeli, nami nasonga bukari, ugali wa kwetu, bila kuuliza neno. Katika mji ule wote, yeye tu ndiye ambaye sikuwahi kumshuku.

Programu ya orodha mpya iliandikwa na mwenzetu mmoja mwenye asili ya Kasai. Ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Aliimaliza, akafunika mashine yake kwa kitambaa kama kila siku, kisha tukasikia yuko stesheni na mkewe na watoto wake wengi. Mgao wa kwanza ulipita na manung'uniko machache. Mgao wa pili ulipokuja, dirisha letu lilijaa watu.

"Madame, jina yangu haiko," aliniambia mchomeleaji mmoja wa makamo. "Njo mara ya pili. Ni juu minye niko muntu wa Kasai?"

Aliyekuwa nyuma yake, mzaliwa wa Katanga, hakungoja nijibu. "Minye niko wa hapa, na yangu haiko. Bale ba Kasai benye balibakia njo banatufanya hivi."

Niliwatazama wote wawili, nikaona kila mmoja ana hakika yake. Mkuu wetu wa ofisi naye alikuwa na ya kwake. Alifunga mlango akaniambia kwa sauti ya chini, "Ule muntu alituachia sumu mu mashini." Alitaka niitafute kabla ya mgao uliofuata, maana magazini watu walikuwa wameanza kuokota mawe, na mtunza ghala alikuwa Mkasai.

Nami, nisiseme uongo, nilimshuku yule mwenzetu. Angekuwa na haki ya kutuachia sumu. Nilifungua programu yake nikitafuta mstari unaosema mtu wa hapa aachwe. Sikuuona. Nikaiagiza mashine iwapange waliokosa unga kwa asili zao, ikaniletea mchanganyiko: Wakasai, Walubakat, Wabemba, na watu wa mbali kabisa. Nikawapanga kwa idara, wakatoka idara zote. Nikashuku kwamba namba zao za kazi ziliingizwa na nafasi tupu mbele, kwa sababu kwa macho namba ni ile ile lakini kwa mashine ni namba nyingine. Nikazisafisha, na bado wakakosekana. Nikashuku umeme, kwamba ulikatika faharasa, ile orodha ya kutafutia rekodi, ikiandikwa, ikawa rekodi ipo lakini haipatikani. Nikaijenga faharasa upya tangu mwanzo. Majina yale yale yakakosekana, na hasira ikanipanda. Kosa la umeme huwa halichagui watu wale wale.

Basi nikaacha mashine nikarudi dirishani. Niliwaomba waliokosa wapite mmoja mmoja, wajitambulishe, nilinganishe rekodi zao. Ndipo nilipoanza kusikia kitu. Kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake mwenyewe huwekwa kando. Anaitwa baba fulani, mama fulani, hata kazini, hata na mkuu wake. Wale wote walijitaja kwa majina yao wenyewe. Wazee wenye mvi walinitajia majina yao ya utotoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa baba wa mtu. Nilikumbuka kwamba mimi pia, katika kampuni nzima, naitwa Madame, wakati wanawake wenzangu wa umri wangu wanaitwa mama fulani.

Nilirudi kwenye programu na sasa niliisoma kwa jicho lingine. Tulikuwa na mafaili mawili: moja la wafanyakazi, ambalo nililitunza mimi, na lingine la watoto, lililoandikwa na huduma ya jamii ya kampuni na kuletwa kwetu kwenye disketi. Mwenzetu alianzia kwenye faili la watoto. Alichukua kila mtoto, akapanda kwa namba ya kazi hadi kwa baba yake, akahesabu, akaandika jina la baba kwenye orodha. Ukianzia kwa mtoto, asiye na mtoto humfikii kamwe. Hakukuwa na sumu. Kilichokuwapo ni mtu mwenye watoto wengi, aliyefanya kazi kwa haraka huku mkewe akifunga mizigo, na ambaye hakuwahi kuwaza kwamba kuna mfanyakazi mtu mzima asiye baba. Nilimhurumia, kisha nikamkasirikia, maana alikuwa akikaa hatua chache kutoka kwenye kiti changu na alijua hali yangu.

Kurekebisha hakukuwa kazi. Niligeuza njia: anza na mfanyakazi, nenda ukatafute watoto wake, na usipowapata, andika sifuri lakini jina liandike. Mkuu alipouliza sababu nilimwambia ni faharasa iliyoharibiwa na umeme. Sikutaka atoke akawatangazie watu uani kwamba waliokosa unga ni wale wasiozaa. Na yule mchungaji na wenzake, wangefurahi mno kuupata ule mstari wa watu wa kuwanyooshea kidole. Mkuu aliguna, nadhani hakuniamini, lakini akaniambia nichape.

Nilikuwa nimeshaweka karatasi kwenye printa mkono wangu uliposimama. Programu ile ya zamani ilimwacha kila asiye na mtoto. Haikumpa hata mmoja wao nusu gunia. Na sisi tulikuwa tumekula bukari.

Nilikaa nikijaribu kulinganisha mambo kwa njia nyingine, kama nilivyozoea. Labda mume wangu alinunua ule unga. Kwa pesa gani? Labda mtunza ghala alimwonea huruma. Huruma gani ile isiyomfikia yule mchomeleaji? Nilikuwa sijawahi kutafuta namba ya kazi ya mume wangu katika faili la watoto. Ningetafuta nini huko? Niliiandika nikabonyeza. Zikaja rekodi mbili, msichana na mvulana, wameandikishwa na yeye mwenyewe, makazi yao mtaa wa Kikula, si kwetu, na wote wawili wamezaliwa ndani ya ndoa yetu. Ilikuwa ni gunia zima. Alikuwa akiligawa njiani.

Amri ya kufuta rekodi naijua, ni neno moja. Ningeiandika, wale watoto wangekosa, na hakuna ambaye angejua. Lawama ingemwendea Mkasai aliyekwisha kuondoka. Niliiandika kweli. Nikaitazama, nikaifuta amri yenyewe herufi kwa herufi, nikachapa orodha kama ilivyo.

Jioni alikuta sijawasha mbabula, jiko letu la makaa. Nilimuuliza, bila kupaza sauti, nusu nyingine ya gunia huipeleka kwa nani pale Kikula. Hakukana. Alivua kofia yake, akauliza, "Ni nani alikuambia?"

"Hakuna muntu alinambia," nilimjibu. "Nilitafuta bale benye habana batoto. Weye haukukuwa mule. Nilikuwa minye peke."