Chini ya Daraja Si Kwetu

Mume wangu ni mpima maji wa manispaa, na kwa kuogopa wakubwa hana mpinzani. Kila mwezi anashuka darajani na chupa zake, anachota, anapeleka maabara. Majibu ni yale yale: maji salama. Yatakosaje kuwa salama, jamani? Manispaa inaishia darajani. Bomba la kiwanda cha ngozi linamwaga uchafu wake hatua chache chini ya daraja, kwenye eneo la wilaya.

Si kwamba hakusema. Bosi wake alimjibu, "Chini ya daraja si kwetu. Unataka tugombane na wilaya?" Akaenda wilayani. Huko wakasema mto ni wao, ila kiwanda kina kibali cha wizara. Wizarani wakasema malalamiko ya maji machafu yaanzie manispaa. Akarudi amenywea, akaendelea kuchota palepale.

Sasa huko chini ndiko anakolima dada yake. Wifi yangu ana mkono wazi. Kila wiki alituletea mafungu ya mchicha. Mume wangu akawa anayatupa. "Mchicha unanisumbua tumbo," anasema, na jioni anakuja na kabichi ya sokoni. Nilimsema mpaka nikachoka. Nilidhani ni maringo tu.

Jumapili wifi akatualika chakula cha mchana: wali, maharage, na bakuli zima la mchicha. Mume wangu akachukua maharage tu. Binti wa wifi, mdogo lakini maneno kama redio, akampanda mapajani na kijiko cha mchicha.

"Mjomba, fungua mdomo!"

Akaufunga. Mtoto akacheka, akageuza kijiko kuelekea mdomo wake mwenyewe. Mume wangu akamdaka mkono, mchicha ukamwagika mezani.

Wifi akaacha kutafuna. "Kaka, kuna nini? Si ulisema maji salama? Nilikuuliza kabla sijapanda."

"Ya juu ya daraja."

"Na mimi niko wapi?"

Mkono wa mtoto hakuuachia. Machozi yakaanza kumtoka, mtu mzima. "Nilikuwa nachota huku nakuona unamwagilia, dada. Nafsi inanisuta. Nikawa naangalia upande mwingine."

Wifi akanigeukia taratibu. "Wifi, na nyie mboga zangu mlikuwa mnakula?"

Mungu wangu! Hapo ndipo nilipoelewa.

"Kabichi," nikasema. "Tulikuwa tunakula kabichi."

Akainuka, akaanza kukusanya sahani, ya mtoto kwanza.