Sifuri ya Mwezi Uliopita

Ungemwona Joska Aloyo akipima, ungedhani anamtoa mtoto mwiba. Ameinama juu ya meza, rula mkononi, pumzi kaibana, na ole wako umsemeshe. Mimi Safinah, mpiga chapa wa ofisi ile, niliwahi kufokewa kwa kusema habari za asubuhi tu.

Ilikuwa mwaka 1974, ghorofani, juu ya maduka ya Kampala ambayo wenyewe Wahindi walikwisha kufukuzwa. Mashine yetu ilipokea habari za setilaiti moja ya hali ya hewa: imeinama upande gani huko juu, na inasukumwa kwa nguvu kiasi gani. Vihisi vya setilaiti vikisema, mashine inachora mistari ya wino kwenye utepe wa karatasi. Kazi ya Joska ilikuwa kuamua kama mistari ile ni ya kuaminika. Akiandika "nzuri", picha za mawingu zinatumika. Akiandika "tupa", zinatupwa. Setilaiti ikiinama kidogo tu na wewe hujui, mvua inayonyesha ziwani utaichora juu ya hospitali ya Mulago.

Kwa kuwa binadamu hukosea, kila utepe ulipimwa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, bila kuonyeshana. Wa pili alikuwa Nashon Khisa, Mkenya, mcheshi, mwenye salamu kwa kila mtu. Karatasi zao zililetwa kwangu ndani ya bahasha. Mimi nafungua, napiga chapa namba zao zikitazamana. Zikikaribiana, kapteni wa jeshi, mkuu wa ofisi, anatia sahihi.

Joska alimpenda Nashon kama ndugu wa tumbo moja. Mumewe, Ongom, askari polisi, Mwacholi kama yeye, alichukuliwa na wanajeshi mwaka sabini na mbili, Wacholi walipokuwa wakisakwa, asirudi, na mama yule akatolewa kwenye nyumba za polisi Nsambya pamoja na binti yake Lakot. Aliyembebea kitanda mpaka chumba kipya mtaani Wandegeya ni Nashon. Joska akampa hata ufunguo wa droo yake, alimoweka nakala ya namba zake, eti siku akiugua kazi isikwame. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hutazama nguoni kwake kila siku?

Sasa, kila tarehe mosi tulipewa sifuri mpya. Sifuri ni mstari wa kuanzia kupima. Vihisi vikichakaa mstari unahama, kwa hiyo kila mwezi ulichorwa upya kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha, na ile ya zamani ilirudishwa kwangu kwa sahihi. Tarehe mosi Oktoba, Lakot alikuwa amelazwa Mulago kwa malaria. Joska alikuja, akapima mbiombio, akarudi wodini. Kesho yake asubuhi akaingia ofisini kwangu akihema.

"Safinah, mimi nimekosa. Nimeweka sifuri ya Septemba. Namba yote imezidi nne."

"Bannange, jamani! Andika mpya basi. Bado sijafungua bahasha."

"Hapana. Fungua tu. Nashon yake itaonyesha. Si ndiyo sababu tuko wawili?" Alikuwa anatabasamu.

Nikafungua. Yake kumi na moja nukta mbili. Ya Nashon kumi na moja nukta tatu. Yake tisa nukta sita. Ya Nashon tisa nukta tano. Hivyo hivyo mpaka chini, kosa lile lile. Nikasema labda na yeye alisahau. Joska akaniomba faili. Sifuri ya Septemba ya Nashon ilikuwa humo, amenirudishia jana yake kwa sahihi yake mwenyewe kabla hajaingia chumbani kupima. Asingeweza kuitumia.

Joska akakaa kwenye kiti changu.

"Miaka mbili," alisema. "Miaka mbili mimi napima peke yangu."

Nashon hakubisha. Alilia. Asubuhi zote zile alikuwa Wandegeya akiuza vipuri vya baiskeli, kisha anakuja kufungua droo, ananakili, anabadilisha nukta. "Nisamehe, Mama Lakot. Mimi nitasema kwa kapteni. Wallahi nitasema." Mkristo mzima, akaapa Kiislamu kwa ajili yangu mimi Mwislamu!

Nilimshauri Joska akae kimya. Akanikaripia: rekodi za miaka miwili zilisema watu wawili wamepima, na huo ulikuwa uongo wenye jina lake. Ila alijua hatari. Mwacholi peke yake akisema namba za serikali ni mbaya, hiyo ni hujuma. Wakisema wawili, ni kosa la kazi tu. Maisha yake yalining'inia kwenye sentensi moja ya Nashon.

Tukaingia watatu kwa kapteni. Joska akaeleza bila kujitetea. Kapteni akamgeukia Nashon, na Nashon akatazama viatu vyake.

"Afande, mimi nilipima yangu. Namba iko sawa. Sijui huyu mama anataka nini."

Nilitamani kumrarua. Mnafiki yule, mpaka leo nikisikia jina lake mate yananiwia machungu. Joska aligeuka. Alinitazama mimi.

"Wewe," kapteni akaniambia, "karatasi yote inapita kwako. Umeona nini?"

Faili lenye sahihi ya Nashon lilikuwa kwapani mwangu.

"Mimi napiga chapa tu, afande."

Watu wawili wa kapteni wakamchukua Joska kwa ngazi ya nyuma. Wiki tatu baadaye alirudi, amekonda, ameachishwa kazi, kuchukua vitu vyake. Nashon akasimama. Joska akampa mkono, akamuuliza watoto wake hawajambo. Nashon alikuwa mgeni katika nchi ya watu, mwenye hofu. Nadhani hilo Joska alikwisha kulielewa huko alikokuwa amefungwa.

Mimi, mwenyeji, nilinyoosha mikono yote miwili nimkumbatie. Akanipita, akachukua rula yake mezani, akashuka.