Laptop ilijifunga yenyewe, karatasi ya nyumba ya mama mdogo ikiwa ndani

Wakuu, poleni na majukumu.

Nina jambo la wiki chache zilizopita, naomba nilitue hapa. Sitaongeza chumvi. Ujinga mwingi uliomo humu ni wangu mwenyewe, sasa nidanganye ili iweje?

Mimi ni mtumishi hapa Bariadi, upande wa kilimo. Kabla ya hapo nilikuwa Maswa, na kwetu ndiko huko huko. Nina mama mdogo, mjane, anaishi Nyalikungu, hapo hapo Maswa, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu mume wake. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo nikisema mama humu, namaanisha yeye.

Kiwanja kile walikinunua kwa karatasi ya mkono, iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Karatasi ni hiyo moja tu.

Miaka kadhaa iliyopita mama alitaka kuitoa kopi tano agawe kwa ndugu. Mimi mjuaji nikamkatalia. Nikaipiga scan, nikaiweka kwenye laptop yangu mpya, nikamwambia, "Mama, makaratasi yamepitwa na wakati. Hii ipo milele."

Nadhani mchwa walinisikia. Waliingia kwenye sanduku lake wakaila yote. Mama wala hakuhangaika, maana mwanaye alishasema ipo milele.

Mwaka huu akaibuka shemeji yake, mdogo wa marehemu. Anadai kiwanja ni cha baba yao, kaka yake hakununua, alikaribishwa tu. Habari za mchwa alishazisikia. Wakaitwa baraza la kata kusuluhishwa siku ya Jumanne.

Mama akanipigia simu Alhamisi. "Mwanangu, ile karatasi yangu uje nayo."

Nikamjibu, "Mama, hiyo kazi ya dakika mbili."

Sasa zioneni hizo dakika mbili.

Laptop ilikuwa kwa fundi, betri ilivimba. Fundi akabadilisha betri, na kwa wema wake aka-update BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows. Nawasha, skrini ya bluu. BitLocker, kufuli la disk. Inataka recovery key, ufunguo wa dharura, tarakimu arobaini na nane.

Arobaini na nane wakuu! Mimi hata namba yangu ya NIDA sijaikariri.

Nikaapa kwamba sijawahi kuweka kitu kama hicho. Fundi akanielewesha kwamba laptop nyingi za siku hizi, ukiingia na akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, disk inajifunga kimya kimya na ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kila siku inakufungulia bila wewe kujua. Siku ikihisi kuna kilichobadilika ndani, inakudai ufunguo.

"Naweza kukupigia Windows mpya," akasema, "ila vilivyomo vyote vinaondoka."

Nilikaa kwenye benchi lake nikamwona mama kichwani mwangu anatolewa kwenye nyumba yake kwa sababu ya mdomo wangu. Machozi yalinilenga, sitanii.

Fundi akauliza, "Uliisajili kwa email ipi?" Nikajaribu ya kazini, nikajaribu ya chuo. Hakuna kitu.

Ndipo nikakumbuka stationery ya Kabula.

Kabula ni dada mmoja wa pale Maswa. Siku nasajili laptop bando liliniishia, nikaingia kwake. Akanitengenezea email mpya chapchap, kazi anayowafanyia waombaji wote wa ajira na mikopo. Kisha akaandika email na password kwenye counter book lake.

Nikamchamba. "Dada, unaandika password za watu kwenye daftari? Usalama wa taarifa huujui? Futa yangu sasa hivi!"

Akasema, "Sawa kaka."

Nikaondoka kifua mbele. Tangu siku hiyo nafungua kwa PIN, email yenyewe niliisahau hata jina.

Jumamosi asubuhi nikabeba laptop, nikapanda gari kwenda Maswa. Njia nzima naomba Mungu yule dada awe hakunisikiliza.

Nikamkuta anatoa kopi. Nikamsalimia, "Mwangaluka," nikaanza kuzunguka mbuyu, mara mvua, mara pamba ya mwaka huu. Akanitazama.

"Kaka, wewe si yule wa usalama wa taarifa?"

Nikakubali kuwa ndiye. Nikamweleza yote, mpaka mchwa. Kisha nikamuuliza kwa sauti ndogo kama kweli alifuta.

"Nilikuitikia tu kaka. Ulikuwa umekasirika. Ningefuta, halafu siku ukirudi nikuambie nini? Wote mnarudi."

Nilimpigia magoti dada wa watu mbele ya wateja wake. Alicheka mpaka akashika meza.

Daftari lilikuwa kwenye droo yenye kufuli, kumbe analifungia. Tukaingia kwenye akaunti, code ikaja kwenye simu yake, maana siku ile aliweka namba yake. Ufunguo ukaonekana. Tukalinganisha Key ID, namba ya kuutambua ufunguo, na ile ya kwenye skrini yangu, zikafanana.

Akaanza kunisomea tarakimu sita sita, mimi nabonyeza. Kundi la tano nikakosea.

"Pumua kaka. Anza hilo upya."

Tukamaliza makundi yote manane. Windows ikafunguka. Faili lipo! Akaprint kopi tano. Nilipomuuliza nimpe nini, akasema nilipie kopi na nimsalimie mama.

Jumanne shemeji aliongea wa kwanza, na aliongea vizuri mpaka watu wakatikisa vichwa. Mama alikaa kashika karatasi asiyoweza kuisoma, maana shule hakupelekwa.

Katibu akaichukua akaisoma kwa sauti. Muuzaji, mnunuzi, mipaka. Shahidi wa kwanza, wa pili. Kwa shahidi wa tatu akasita. Akalisoma jina taratibu, akamgeukia shemeji mtu.

Lilikuwa jina lake, na sahihi yake chini. Hata mimi sikuwahi kuisoma ile karatasi mpaka mwisho.

Shemeji akaichukua, akaiangalia sahihi yake. Akasema, "Nilikuwa kijana." Baadaye akasaini kuwa hana madai.

Mama akanishika mkono nje. "Wabeja, mwanangu." Nikamwambia wa kushukuriwa ni Kabula. Kesho yake mama akambeba kuku, akampelekea mwenyewe kwa miguu.

Nilichojifunza: ingia leo kwenye akaunti uliyosajilia laptop yako, tafuta recovery key, iprint, ihifadhi mbali na hiyo laptop. Nyaraka ya maana itoe kopi, na uisome yote. Na ukijiona mjanja, punguza sauti, huwezi kujua nani atakuja kukufaa. Kabula, kama unapita humu, Mungu akutunze dada yangu.

Haya, na ninyi ufunguo wa laptop zenu uko kwa nani? Semeni, ila tarakimu zenyewe msizimwage humu jamani.

Naandika haya nikiwa Nyalikungu. Mama yuko nje anafagia uwanja wake.