Selestini na Programu ya Mwalo wa Katonga

Kabla simu hazijapata akili, mtu wa Katonga aliyetaka barua ya kuombea leseni ya uvuvi au risala ya harusi alikwenda kwa Selestini. Kompyuta ya kwanza kufika kwenye mwalo ule wa wavuvi aliibeba yeye, kichwani, kutoka Mwandiga, na kila mwaka alipoisimulia ile safari njia ilizidi kurefuka. Darasa la saba, kozi ya miezi mitatu pale Ujiji, cheti kilichofunikwa plastiki. Kwa mtaji huo aliitwa Mwalimu miaka kumi na tano.

Siku hizi watu wanaandika barua zao kwenye simu wakiwa chooni. Kibanda cha Selestini kilibaki na nzi na kalenda. Basi Mzee Bonaventura, mwenyekiti wa mwalo, akatangaza kwamba ofisi imeletewa programu ya kuandikisha mitumbwi na samaki, na atakayeifungua kabla ya Ijumaa, siku watakapokuja wageni kuiona, ndiye atakayekalia kiti cha karani. Selestini akajua kiti kile ni chake au basi tena. Mtu wa miaka hamsini na minne hangojei kiti kingine.

Alhamisi asubuhi akaketi mbele ya kompyuta ya ofisi. La kwanza alilofanya ni lile wanalolifanya mafundi wote wa upande ule: akakata mtandao. Bando huko hununuliwa kwa jasho, na kompyuta ukiiachia mtandao inajipakulia mambo yake hadi bando likauke. Kisha akachomeka flashi iliyoletwa na programu hiyo, akabonyeza Nekisti, Nekisti, Nekisti, kama mtu anayeitikia dua asiyoielewa.

Ikagoma. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba kuna kitu imekikosa.

Anésie alikuwa anafagia ofisi. Huyu ni binti wa Kirundi aliyezaliwa kambi ya wakimbizi, na kompyuta alifundishwa na Selestini huyuhuyu, naye akimlipa kwa ndoo za maji.

"Mwalimu, hiyo haiji peke yake," alisema. "Ina wenzake inaowategemea, na hao ndio wanaoanza kuingia. Washa mtandao, itawaita yenyewe."

"Nikuulize, Anésie. Naanza kubonyeza vitu hivi, wewe ulikuwa wapi?"

"Mgongoni kwa mama, Mwalimu."

"Basi fagia."

"Nafagia. Ila yasome hayo maandishi."

"Maandishi ni ya watu wasio na kazi."

Wenzake hata yeye anao, alijiambia. Flashi yake ilijaa programu saidizi alizozilimbikiza tangu mwaka elfu mbili na tisa. Akachagua moja yenye jina lililofanana na lile la kwenye skrini. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana iliyomo ndani ni mpya kuliko hiyo anayoileta. Nekisti. Mpya ikafutwa, kuukuu ikakaa. Programu ya mwalo ikagoma vilevile, na sasa daftari la leseni la humo humo kwenye kompyuta, lililokuwa likifunguka vizuri asubuhi, nalo likagoma, kwa kuwa lilikuwa limeegemea ile iliyofutwa.

Alizima, akawasha. Akapuliza vumbi. Akaipiga kofi la ubavu. Anésie alikuwa hatua sita kutoka pale, na sauti ya chini ingetosha kumwita. Hakumwita.

Ijumaa wageni wakakaa kwenye viti vya kuazima.

"Selestini, fungua," alisema Mzee Bonaventura.

"Ina mafua kidogo, Mzee."

"Na daftari la leseni?"

"Nalo limeambukizwa."

Wavuvi waliokuwa mlangoni wakacheka. Mzee Bonaventura hakucheka. Akauliza kama kuna mwingine anayeijua kazi hii, na Anésie akaegemeza ufagio ukutani.

Akawasha mtandao wa simu yake, akaiondoa ile kuukuu, akaiacha programu iwaite wenzake mmoja mmoja. Ilikula nusu saa na bando lake la wiki nzima. Selestini alisimama nyuma ya kiti akiwaeleza wageni, "Hapo anafuata nilivyomfundisha." Hakuna aliyegeuka. Mwisho kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikaomba neno la siri. Alilijua Selestini peke yake, maana ndiye aliyeliweka.

Sasa wote wakageuka. Akazionja kwanza zile shingo zao zilizorefuka.

"Bingwawakatonga," alisema. "Lote pamoja, herufi ndogo."

Kicheko kilitoka ofisini kikafika hadi kwenye vichanja vya dagaa. Programu ikafunguka, na daftari nalo likafunguka.

"Mwalimu ndiye aliyeianza kazi, Mzee," Anésie alisema taratibu.

"Hata aliyezamisha mtumbwi alianza kwa kuusukuma," Mzee Bonaventura akamjibu. "Kaa hapo hapo, binti."

Jumatatu Selestini alikwenda ofisini, kisingizio chake kuifuata flashi yake. Akamkuta Anésie katoka nje kupokea mizani. Akaketi, akaandika neno lake. Likakataliwa. Akaliandika tena, polepole, kwa kidole kimoja.

"Nimelibadilisha, Mwalimu," Anésie alisema kutoka mlangoni. "Shikamoo."

"Marahaba. Ni lipi sasa?"

Binti akatazama chini.

"Mwenyekiti amesema nisimwambie mtu wa nje."