Mtabiri Aliyeogopwa na Wenye Farasi

Kwa miaka ishirini na tisa Virgil Goodlett aliwapima farasi wa Derby ya Kentucky, mbio kubwa za kila Mei, akitabiri mshindi katika gazeti letu hapa Louisville, na kwa miaka hiyo yote hakumpata mshindi hata mara moja. Msidhani ni kazi nyepesi. Hata mtu aliyefumba macho, akachoma kidole kwenye orodha ya farasi ishirini, kwa muda wote huo angebahatisha mara moja au mbili. Kukosa kabisa kunataka elimu, na Virgil alikuwa nayo tele.

Baba yake aliwapigilia farasi viatu vya chuma maisha yake yote. Virgil mwenyewe alitengeneza mapipa ya wiski mpaka mgongo ukamkatalia, ndipo gazeti likamchukua. Alikuwa mrefu, mwembamba kama fito, darubini shingoni na daftari mfukoni. Kila alfajiri ya Aprili alisimama kwenye uzio wa uwanja akiwaangalia farasi wakifanya mazoezi. Mimi nilikuwa nikipeleka nyasi kavu mabandani, kwa hiyo nilikuwa na kisingizio cha kusimama naye.

Lakini kuandika alijua. Mwaka huu ninaousimulia, wa thelathini, aliandika hivi kuhusu farasi aitwaye Mvua ya Mawe: "Mama yake alikuwa na mbio. Baba yake alikuwa na mmiliki tajiri. Amemrithi baba." Kuhusu Kengele ya Shangazi: "Moto wa mabua. Maili moja na robo ni ndefu kuliko bua lolote." Na kuhusu Askofu wa Pili, ambaye ndiye aliyemchagua: "Ana moyo, ana mapafu, ana kila kitu." Watu wakasoma, wakacheka, wakamfuta Askofu wa Pili kwenye orodha zao kwa wino.

Maana wenye farasi walimwogopa Virgil kuliko walivyoogopa matope. Akimsifu farasi, farasi huyo alikuwa amekwisha. Mmoja aliyemchagua zamani alisimama katikati ya mbio kutazama kofia za akina mama jukwaani. Tangu hapo, wakufunzi walipomwona anakuja, walifunga milango ya mabanda kama watu walioambiwa kuna simba mtaani.

Mwaka huo kipenzi cha mji mzima kilikuwa Hakimu wa Kaunti, farasi wa daktari wa meno aitwaye Roscoe Pruitt na rafiki zake watatu wa gofu. Mabwana hawa wanne, mnyama mkubwa waliyewahi kumfuga kabla ya hapo ni paka. Sasa walikuwa wakizungumza juu ya damu na ukoo wa farasi kana kwamba wamezaliwa zizini. Wiki moja kabla ya Derby, Pruitt alimfuata Virgil kwenye uzio na pai ya chokoleti na njugu, ingali moto.

"Mzee wangu," alisema, "mke wangu kaipika kwa mikono yake. Nina ombi moja dogo tu. Usimchague Hakimu."

"Mbona namwona mzuri, Daktari?"

"Ndicho hicho kinachoniogopesha! Mwone mbaya, mzee. Mwandike wa kumi na mbili. Nakuomba kama mwanao."

"Pai nitakula," Virgil alisema. "Ahadi sitoi."

Alikwishamchagua Askofu wa Pili siku mbili kabla, katika daftari lake tu, lakini hakumwambia. Alipenda pai.

Jumanne asubuhi Hakimu aliletwa kunyoosha miguu kwa mara ya mwisho. Alipita mbele yetu kama jiwe lililorushwa. Saa zikasimamishwa, watu wakapiga mayowe, Pruitt akakumbatiana na mtu asiyemjua. Mimi nilipiga makofi. Virgil hakupiga. Darubini yake ilikuwa bado imemfuata farasi, ambaye sasa alikuwa akirudi taratibu, na hakuna mwingine aliyekuwa akimtazama.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona! Huyo anaruka, Mzee Virgil."

"Sikuulizi hayo. Kichwa."

Nilitazama. Kila mguu wa mbele wa kushoto ulipogusa ardhi, kichwa kiliinuka, kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kijiwe kanisani na hataki majirani wajue. Ningeweza kuapa nimeona, na ningeweza kuapa sikuona.

Kesho yake gazeti lilitoka na mstari mmoja wa Virgil, bila utani wowote: "Hakimu wa Kaunti anaumwa mguu wa mbele wa kushoto. Asikimbie."

Mji ulifurahi kama mtu aliyepokea barua ya msamaha. Ikiwa Virgil Goodlett kasema mgonjwa, basi huyo ni mzima kuliko nyumbu. Kinyozi wangu, aliyekuwa na wasiwasi kidogo, aliuacha wasiwasi hapohapo na kwenda kuongeza dau. Pruitt alileta pai ya pili.

"Mzee, umenizidishia!" alisema, machozi yakimlenga. "Mimi niliomba nafasi ya kumi na mbili tu!"

Virgil aliitazama ile pai, asiiguse. Miaka ishirini na tisa alichekwa, na siku zote aliwahi kucheka kabla ya wengine. Siku hiyo hakucheka. Aliketi juu ya marobota yangu ya nyasi, akaniuliza: "Mtu akikosea maisha yake yote, siku akiona kweli anaipeleka wapi?"

Nikamwambia anakalia nyasi za watu.

Alhamisi alikwenda bandani kwa Nadine Tackett, mkufunzi wa Hakimu. Mwanamke huyu alikuwa amewafundisha farasi kwa miaka thelathini, wale wa bei ya chini, wenye magoti mabovu na tabia mbaya zaidi, na huyu ndiye wa kwanza kumfikisha Derby. Mimi nilikuwa nikishusha nyasi mlangoni, na sikuona sababu ya kuharakisha.

"Mzee Virgil," Nadine alisema, ndoo mkononi, "ukivuka kizingiti hicho nakumwagia."

"Mwaga, mama. Lakini ukishamwaga, mtembeze farasi kwenye saruji."

"Daktari wa wanyama kampima jana. Mzima."

"Kampimia wapi?"

"Hapa hapa."

"Juu ya matandiko laini hata mimi sichechemei."

"Hebu niambie," Nadine alisema, sauti ikipanda, "wewe umewahi kupatia lini? Lini? Nitajie mwaka mmoja!"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa sina jina la kulinda, Bi Nadine. Wewe unalo. Ndiyo maana mimi nimeweza kusema."

Nilidhani sasa maji yatamwagika kweli. Badala yake Nadine aliigeuza ndoo juu chini, maji yakienda yanakotaka, akaikalia. Akautazama ule mguu wa kushoto.

"Jumatatu niliushika," alisema hatimaye, polepole. "Ulikuwa na joto. Nikajiambia mkono wangu ndio wenye joto. Jana nikaosha mikono kwa maji baridi kwanza, ndipo nikaushika tena. Joto lilikuwa palepale." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Miaka thelathini, mzee. Mama yangu kaja kutoka Harlan na gauni jipya."

"Najua."

"Hujui wewe."

"Basi sijui," Virgil alisema. "Mtembeze."

Walimtembeza kwenye saruji, mbele ya watu watatu na paka wa banda. Hatua kumi zilitosha. Kichwa kilipanda na kushuka waziwazi, hata paka angeandika gazetini. Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kama unywele, juu kidogo ya kifundo. Daktari wa wanyama alisema mguu huo usingeifikia kona ya mwisho, na mpanda farasi naye labda asingeinuka.

Ijumaa jina la Hakimu lilifutwa. Pruitt alikuja bandani uso umemwiva kama kamba wa kuchemsha. Mke wake alikuwa na kofia mpya ya rangi za farasi wao, ukubwa wa meza, na sasa atakwenda nayo wapi? Alimwita Virgil mchawi. Mabwana wanne wakataka daktari wa pili. Akaja, akasema yaleyale, ila kwa Kilatini zaidi. Basi wakamwondoa Nadine kazini, kwa sababu lazima mtu aondolewe, na ufa hauna mkataba.

Jumamosi walikimbia farasi kumi na tisa. Kengele ya Shangazi, ule moto wa mabua, aliwaka mpaka mwisho na kushinda kwa urefu wa farasi wanne. Askofu wa Pili alimaliza wa kumi na tisa, akiwa na moyo, mapafu na kila kitu. Jumatatu Virgil alimuuliza mhariri, kwa upole, kama habari ya Hakimu haiwezi kuhesabiwa kuwa amepatia.

"Hakukimbia, Virgil," mhariri alisema. "Asiyekimbia hawezi kushindwa wala kushinda. Sheria ni sheria."

Ikawa miaka thelathini. Walimpa keki na kalamu.

Aliacha gazeti mwezi huohuo. Nadine alikuwa amekodi banda dogo kaunti ya Shelby, farasi sita, paa linavuja, na siku moja alimpigia simu akamwambia aje, ana kazi ya macho. Tangu hapo kila alfajiri Virgil husimama pale na darubini akitazama miguu tu. Akitaka kutabiri nani atashinda, Nadine humwinulia ndoo.

Pruitt na wenzake, baada ya kugundua kwamba farasi mgonjwa hula kama mzima, walichoka na gofu ya miguu minne wakamuuza Hakimu kwa yeyote atakayemchukua. Nadine alimchukua. Alimlisha, akampumzisha mwaka mzima na nusu, akaukanda ule mguu kwa mikono yake, baridi na moto. Novemba moja yenye upepo alimpeleka kwenye uwanja mdogo usio na kofia hata moja. Mama yake alikuja na lile gauni, juu yake koti zito. Farasi walikuwa saba. Hakimu alimaliza wa tatu, na akarudi bandani kwa miguu yake minne.